Hesabu za Jumamosi ya Mwisho

Mshabiki wa mpira, msimu ukielekea ukingoni, hula na kulala na neno moja tu: kama. Kama sisi tukishinda. Kama wao wakitoka sare. Kama refa atakuwa yule wa Same na siyo yule mwingine. Nimeshabikia mpira tangu ujana wangu na sasa nina wajukuu, na bado naamini hakuna wakati mzuri wa kuwa hai kama zile wiki tatu za mwisho wa ligi, wakati timu yako haijashinda kitu lakini pia haijanyang'anywa kitu.

Ligi ninayoikumbuka kuliko zote haikutangazwa na redio yoyote. Ilikuwa ligi ya tarafa, timu sita, huko kwetu milima ya Upare Kusini na tambarare iliyo chini yake. Ilikuwa miaka ya ujamaa, watu wakihamia vijiji vipya na kila mkutano ukianza na kwisha kwa makofi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu, juu ya Gonja. Mama alikuwa amekwisha kufariki, nami niliishi na baba. Msichana wa miaka ishirini na sita, hajaolewa, ana ulimi, na Jumamosi anapiga kelele uwanjani kuliko wanaume: wengi walimhurumia baba kwa ajili yangu. Baba hakujihurumia, kwa sababu alikuwa akipiga kelele pembeni yangu.

Uwanja wetu niueleze, maana bila uwanja ule hakuna hadithi. Ulichimbwa kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu mtu haulizwi kama ana nafasi. Baragumu likilia, unabeba jembe lako unakwenda. Watu walichimba ubavu wa mlima miezi miwili, hadi wakaufikia mwamba, na mwamba haukujali hotuba ya mtu. Basi uwanja ukabaki umelala upande. Mstari mmoja wa pembeni ulikuwa juu, karibu na kanisa. Mstari wa pili ulikuwa chini, na baada ya mstari huo ilikuwa migomba, na baada ya migomba ni bonde. Mpira usioshikwa na mtu ulishika njia ya bondeni wenyewe, taratibu, halafu mbio, na mchezo ulisimama mpaka mtu ashuke akautafute na kupanda nao. Wachezaji wetu walizoea kupumzika wakati huo. Wengine walikaa chini kabisa wakatoa miiba miguuni.

Timu za tambarare zilikuja pale zikatia huruma. Mtu anatoa pasi kwa mwenzake wa kulia, mpira unakwenda kwa ndugu zake wa kushoto. Tuliwafunga mabao mengi tukajiona mabingwa wa dunia. Halafu tulishuka kwao, kwenye viwanja vilivyosawazika kama meza, tukafungwa sisi, tukarudi tukisema kulikuwa na joto.

Golikipa wetu alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa baba. Mrefu, mkimya, mikono kama ya mtu mwingine aliyekuwa mkubwa zaidi. Mwaka mmoja kabla ya ligi hii ninayoisimulia, alimwambia baba kwamba anahamia kijiji kipya kilichoanzishwa tambarare, upande wa Maore. Alikuwa na sababu. Shamba la migomba ambalo angerithi lilikuwa dogo kiasi kwamba ukilala katikati yake miguu inatokeza kwa jirani. Kule chini walikuwa wakigawa ardhi, na yeye alitaka kulima kitu kikubwa kabla hajazeeka.

Baba hakubishana naye kuhusu shamba. Lililomuuma ni maji. Sisi tunamwagilia kwa zamu kutoka ndiva, bwawa letu la mlimani, na kila ukoo una siku yake na una mikono yake ya kuzibua mfereji. Siku ya zamu yetu ya kwanza baada ya mdogo wangu kuondoka, tulisimama mferejini mzee mmoja na mwalimu mmoja, tope hadi magotini, na majirani wakituangalia kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kuchekwa. Baba alinyoosha mgongo akasema kwa sauti ya kusikika, "Aliyeacha zamu ya maji si mtu wa hapa."

Krismasi mdogo wangu alipanda mlima kutusalimia. "Shikamoo, baba," alisema mlangoni. Baba alikuwa akinoa panga, akaendelea kunoa. Kijana akarudia salamu, panga likajibu. Alikula makande yangu kwa adabu, akashuka kesho yake, hakurudi tena. Niliwakasirikia wote wawili, lakini hasira yangu kwa baba ilikuwa na meno zaidi. Nikishuka kumtembelea mdogo wangu, aliniuliza, "Mzee anasemaje?" nami nikamjibu, "Anakusalimu." Nilimdanganya hivyo mwaka mzima, na uongo wangu sikuutubia hata kanisani.

Basi ndiyo ilikuwa hali yetu ligi ilipofika wiki zake za mwisho. Timu ya shamba la mkonge ilituongoza kwa pointi moja. Wale jamaa walitoka kila pembe ya nchi, Kigoma, Songea, Singida, wakaletwa na kazi ya kukata mkonge, na watu wengine waliwaita manamba kwa kuwadharau. Uwanjani hakukuwa na wa kuwadharau. Walikuwa na winga mmoja mfupi ambaye akipita ulidhani ameitwa nyumbani kwa dharura. Sisi tulikuwa wa pili. Kijiji kipya cha mdogo wangu, ambako sasa ndiye aliyekuwa golikipa, kilikuwa cha nne, hakipandi wala hakishuki, kinacheza kwa sababu kilijiandikisha.

Nililichora jedwali la ligi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Kila Jumapili nilifuta kwa kitambaa chenye maji nikaandika upya, halafu nikakaa mbele yake na kikombe cha chai kufanya hesabu za matumaini. Hesabu hizo hazifanani na zile nilizofundisha darasani. Darasani mbili na mbili ni nne. Jikoni mbili na mbili ni nne, isipokuwa winga wa mkonge akiumwa, hapo ni tano. Nilimuuguza yule winga kwa mawazo mara nyingi, Mungu anisamehe. Tulipotoka sare kule Mhezi, ambako ukungu uliingia kipindi cha pili na hakuna aliyemwona mwenzake, nilikaa siku tatu nikithibitisha kwa mkaa kwamba sare ile ilikuwa na faida.

Baba alipita mbele ya jedwali lile kama anayepita mbele ya deni la jirani. Hakulitazama. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Jumatatu moja asubuhi niliamka nikakuta mstari wa kijiji kipya umesahihishwa. Nilikuwa nimewaandikia mabao matano ya kufungwa, sasa yalikuwa manne, na ile nne ilikuwa na mkia mrefu kama baba anavyoiandika. Nilienda mbio kuuliza watu. Kweli, yalikuwa manne. Mzee alikuwa akihesabu mabao anayofungwa mtoto asiye wa hapa.

Nilitaka kumwambia kitu kikali. Nilikuwa nacho tayari mdomoni, kimeiva. Nikakimeza pamoja na uji, na mpaka leo najipongeza.

Ikafika wiki ya mwisho, na ratiba ikatufanyia mambo yake. Jumamosi ile sisi tungewakaribisha Mhezi nyumbani. Saa ileile, mkonge wangecheza ugenini na kijiji kipya. Tukishinda, na wao wakitoka sare tu, tungelingana pointi, maana enzi zile ushindi ulikuwa pointi mbili, na kwa mabao sisi tulikuwa mbele sana kwa hisani ya mteremko. Kombe lingekuwa letu, na pamoja na kombe, mpira mpya wa ngozi ambao katibu tarafa alikuwa akiuonyesha kwenye mikutano kama mtoto mchanga.

Kwa maneno mengine, matumaini yote ya mlima yaliwekwa mikononi mwa mdogo wangu.

Ungewasikia watu wiki ile! Wale wale waliosema kijana amekimbia kazi, sasa walimwita "kijana wetu". Muuza duka alinikumbusha kwamba yeye ndiye aliyempa soksi zake za kwanza. Mama mmoja alinisimamisha njiani kuniambia amemwota akidaka mpira na taa ya kanisa kwa mkono mmoja. Ila sala ya baba ya chakula, ambayo kwa kawaida ilikuwa fupi kuliko tonge, ilianza kurefuka, na mwisho wake akaongeza kuwaombea "wote walio tambarare". Alhamisi akaongeza, "hasa mikono yao". Nilifumbua jicho moja kumwangalia. Alikuwa amefumba yake kwa nguvu sana.

Nililojali mimi, niseme ukweli, halikuwa kombe peke yake. Nililitaka kombe, nisijifanye mtakatifu. Lakini nilikuwa nimepiga hesabu nyingine ambayo sikuiandika ukutani: kijana akiwazuia mkonge, baba hatakuwa na njia ila kumpokea. Nani atamkatalia salamu mtu aliyeleta kombe nyumbani? Na akishindwa, nilijua vilevile, mlango ule utafungwa na safari hii kijiji kizima kitausukuma.

Jumamosi tuliwafunga Mhezi matatu kwa moja. Nakumbuka kidogo sana. Nakumbuka mpira uliingia bondeni mara nyingi kuliko kawaida, na kila ulipokwenda, watu wote uwanjani waligeuka kuangalia tambarare kule chini, mbali, yenye vumbi na nyekundu, kana kwamba kutoka pale wangeweza kuona goli. Filimbi ya mwisho ilipolia tulishangilia nusu. Lori la ushirika halikupanda jioni ile, kwa hiyo tukalala na ile "kama" yetu usiku mmoja zaidi.

Habari zilikuja Jumapili, watu wakitoka kanisani. Utingo wa lori la ushirika, kijana mcheshi aliyekuwa ameutazama mchezo kwa macho yake, aliruka chini kabla gari halijasimama. Uso wake ulitosha, lakini alitusimulia hata hivyo.

"Wameshinda moja kwa bila, mkonge," alisema. "Mpaka dakika za mwisho ilikuwa bila bila. Golikipa wenu kadaka kila kitu, nawaambia. Halafu ikatoka penalti. Akapiga yule winga mfupi. Golikipa akaruka, akaupangua! Watu tukarushana juu. Sasa yeye, badala ya kuurukia tena, akasimama akaanza kujipangusa vumbi. Anafunga kamba ya bukta! Mpira uko pale hatua mbili, umetulia. Winga akaja akausukuma ndani polepole, kama anafunga mlango."

Halafu mtu nyuma alisema neno ambalo nilikuwa naliogopa: "Ametuuza." Mwingine akalipokea. "Si alikataliwa salamu? Amelipiza." Muuza duka wa soksi alisema yeye kwa kweli siku zote alikuwa na wasiwasi na kijana yule. Damu ilinipanda, nikafungua mdomo kumkumbusha muuza duka mambo yake mengine, lakini baba alininyamazisha kwa mkono. Alipita katikati ya watu hadi kwa utingo.

"Penalti hiyo, aliupangua kwa mkono gani?"

"Wa kulia, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ukaenda upande gani?"

"Kulia kwake. Ukadunda, ukakaa."

Baba aligeuka akautazama uwanja wetu, goli lile la karibu na barabara ambalo mdogo wangu alililinda kila kipindi cha pili tangu akiwa na miaka kumi na nne. Nami nikatazama. Ukisimama langoni pale, mkono wa kulia ni mkono wa bondeni. Mpira uliopanguliwa kwa mkono ule haukai. Unaondoka, unavuka mstari, unaingia kwenye migomba, na golikipa ana muda wa kujipangusa vumbi, kufunga kamba ya bukta, hata kusalimiana na watu.

"Hakuuza kitu," baba alisema. Hakupaza sauti. "Kapangua bondeni. Bonde halikuwepo."

Watu walimwangalia.

"Mwaka mzima anacheza tambarare," muuza duka alisema, "na bado hajajua kuwa ni tambarare?"

"Anajua," baba alimjibu. "Lakini mtu akishikwa na hofu hurudi kwao. Nyie mnasema si wa hapa? Hebu nionyesheni golikipa mwingine duniani anayeweza kufanya kosa lile. Lile kosa ni la hapa hapa. Ni mtoto wangu yule."

Kuna mtu alicheka, halafu wengine, na kicheko kilikuwa cha aina njema. Hata muuza duka alicheka, kwa kuchelewa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiangalia shingo ya baba ndani ya kola ya Jumapili, na niliona aibu kwa hesabu zangu zote. Nilikuwa nimepanga ushindi umrudishe kijana nyumbani. Sikuwahi kuandika, hata kwa mkaa, safu ya kushindwa vizuri.

Lori lilikuwa linashuka kupeleka mizigo na lingerudi jioni ileile. Baba alipanda nyuma na suti yake ya kanisani, akakaa juu ya magunia bila kuniuliza kama nakuja. Nilipanda. Njiani kwenye kona zile kali alishika ubao kwa mikono miwili, na mara moja tu akauliza: "Unadhani amekula?"

Tulimkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba yake ya udongo, amekaa juu ya gogo. Alipotuona alisimama haraka, uso umemshuka. Alifikiri mzee amekuja kumaliza maneno yaliyobaki. "Shikamoo, baba," alisema, kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

"Marahaba. Mpira uko wapi?"

"Mpira?"

"Wa kuchezea. Mnao?"

Ulikuwepo, chini ya kitanda chake, umeshonwa mara nyingi. Tulikwenda uwanjani watatu. Ilikuwa saa tisa na jua lilikuwa kali, na hapakuwa na mtu ila mbuzi wawili. Uwanja ulinyooka mbele yetu kila upande, hauna juu wala chini, nikaelewa jinsi unavyoweza kumchanganya mtu wa mlimani. Baba alivua koti akanipa. Akauweka mpira mbele ya goli, akarudi nyuma hatua nne na makatambuga yake ya tairi, akaupiga. Ulikuwa mpira wa kizee, dhaifu. Mdogo wangu aliupangua bila hata kuruka.

"Sasa!" baba alipiga kelele. "Uko wapi?"

"Huo hapo."

"Basi unasubiri nini? Urukie! Hakuna wa kukuokotea huku. Tena."

Akapiga tena, na tena. Mwanzoni mdogo wangu alicheza kwa heshima, kama anayemwongoza mgonjwa. Halafu alianza kuruka kweli, kulala, kuamka, kuurukia mpira kabla haujatulia, na vumbi lilimpanda hadi kwenye nyusi. Sijui ni lini alianza kucheka. Baba hakucheka. Alikuwa na kazi. Suruali ya Jumapili ilikuwa nyekundu hadi magotini, na kila alipopiga alimwambia kosa lake, na kila kosa lilianza na jina la mtoto wake, ambalo mwaka mzima halikutajwa nyumbani kwetu.

Msimu mwingine ulikuwa mbele. Nilianza kuuhesabu palepale, nimekumbatia koti la kanisani: kama wakipata beki mmoja mzuri, kama mkonge wakimpoteza yule winga, kijiji kipya wanaweza kupanda hadi wa pili, na sisi wa kwanza, au hata wao wa kwanza, na sikuona ubaya wowote.

Barabarani lori lilipiga honi. Baba hakugeuka. Likapiga tena, refu.

"Baba," nilisema, "tutaachwa."

"Waambie waende," alisema, akiuweka mpira sawa chini kwa mkono. "Huyu bado anachelewa kuamka."

Nikakimbia kumwambia utingo, na njia nzima nililia mbele za watu, mimi mwalimu, na sikujifuta.